Zuhura nyuma ya kioo: Tuiteje nakshi ya dhahabu na mahaba?

Mwezi uliopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anajipatia riziki kwa kutafsiri. Alikuwa amepewa kazi ya kutia Kiswahili kwenye vibao vya maelezo vya maonyesho ya vitu vya kale. Kazi ilimwendea shwari kwenye vyungu, sarafu na vitambaa. Kisha akafika kwenye kioo kimoja kidogo, si kikubwa kuliko kiganja, kilichotengenezwa Ufaransa katika karne ya 18. Kina mwanamke anayeoga, mwili wake umechorwa kwa dhahabu, na picha yote imefanyiwa kazi upande wa nyuma wa kioo.

"Mwalimu," aliniandikia, "hapa nimekwama mara mbili. Sijui sanaa hii inaitwaje kwa Kiswahili, na sijui picha yenyewe ni ya namna gani. Nimeandika 'uchoraji wa kinyume', mkuu wangu akasema inasikika kama kosa. Nimeandika 'picha ya mahaba', akafuta akaweka 'picha chafu'. Sasa wageni watasoma kwamba tumesafirisha uchafu kwa ndege na kuuwekea bima."

Nilicheka, nisikufiche mpenzi msomaji. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu swali la pili lilinichoma. Nimefundisha Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini, na nikijiuliza kwa dhati ni mara ngapi nimempa mwanafunzi neno la heshima la kuuelezea mwili wa binadamu unaopendeza, jibu halinifurahishi. Basi wiki hii tuyatazame maswali yote mawili. Tuanze na lile rahisi.

Wafaransa huuita ufundi huu "verre églomisé". Neno la kwanza ni kioo. La pili ni jina la mtu lililogeuzwa kuwa kitenzi. Mtu mwenyewe ni Jean-Baptiste Glomy, aliyefariki mwaka 1786. Alikuwa mtengenezaji wa fremu jijini Paris, mchoraji, na mjuzi wa biashara ya michoro. Ni yeye, pamoja na mwenzake Helle, waliokamilisha na kuchapisha mwaka 1751 orodha ya chapa za mchoraji Rembrandt iliyokuwa imeanzwa na Gersaint. Wateja walipompelekea picha zao, Glomy alizifunika kwa kioo ambacho upande wake wa nyuma ulikuwa na ukingo wa rangi na mistari ya dhahabu. Mtindo ukapendwa. Jina lake likashikamana na ufundi, mpaka vitu vilivyotengenezwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yeye hajazaliwa navyo vikasemekana "vimeglomishwa".

Usishangae. Hata sisi hapa Kenya tunapaka viatu "kiwi" bila kujali mkebe umeandikwa nini, na bibi zetu walivaa kitambaa cha "merikani" wasiwahi kuiona Marekani. Jina la muuzaji au la nchi huhamia kwenye bidhaa, na bidhaa ikishalishika hailiachi.

Ila Glomy hakuvumbua lolote. Waroma wa karne ya 3 na ya 4 walikuwa wakibandika utando wa dhahabu kwenye kioo, wakaukwaruza picha, kisha wakaufunika kwa kioo kingine ili dhahabu ibaki katikati, isiguswe na mkono wala maji. Vilikuwa vitako vya bilauri na bakuli. Vingi vimetufikia kwa njia ya ajabu: kitako kilivunjwa kwenye chombo na kukandikwa kwenye chokaa mbichi, pale kaburi lilipozibwa katika mahandaki ya maziko chini ya jiji la Roma. Mwishoni mwa enzi za kati, takriban mwaka 1400, Mwitaliano Cennino Cennini akaandika kitabu cha mafunzo ya uchoraji, na humo akaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuifanya kazi hii kwa ajili ya makasha ya kuhifadhia masalia ya watakatifu. Kwa hiyo ufundi ambao mkuu wa mwanafunzi wangu aliuonea aibu ulikuwa ukitumika altareni.

Namna ya kuufanya si siri. Kioo husafishwa mpaka kisiwe na hata alama ya kidole. Hupakwa ute wa yai uliopigwa, au maji yenye gundi nyepesi, kisha dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kupita karatasi hulazwa juu yake. Pumzi tu yaweza kuirusha. Ikikauka husuguliwa, halafu fundi huchukua sindano iliyofungwa kwenye kijiti na kuanza kukwaruza. Anapokwaruza, dhahabu huondoka, asipogusa, hubaki. Mwishowe hupaka rangi juu ya yote hayo, mara nyingi nyeusi au buluu, na kila mahali sindano ilipopita rangi hiyo huonekana kama mstari. Kisha kioo hugeuzwa. Tunaitazama picha kutoka upande ambao fundi hakuugusa.

Ugumu unazidi inapoingia rangi nyingi. Mchoraji wa turubai huanza na ukuta, akaja kwenye uso, akamalizia na kile kimulimuli cheupe ndani ya mboni ya jicho. Mchoraji wa nyuma ya kioo huanza na kimulimuli. Kisha mboni, kisha jicho, kisha shavu, na ukuta huja mwisho. Akikosea jicho, hana pa kulirekebisha baada ya kupaka shavu. Kushoto kwake ni kulia kwetu. Wale mafundi wanaoandika majina ya maduka kwenye vioo vya madirisha huku wamesimama ndani wanalijua jambo hili vizuri: herufi zote huandikwa zikiwa zimegeuka ili mpita njia azisome sawasawa.

Sasa tuiteje kwa Kiswahili? Kishawishi cha kwanza ni kusema "kioo kilichochovywa dhahabu", kwa kuwa tumezoea kuita saa au mkufu wa bei nafuu "wa kuchovya". Lakini hapa hakuna kinachochovywa. "Uchoraji" peke yake hautoshi, kwa maana nusu ya kazi ni kuondoa, si kuongeza. Neno ninalolipenda ni "nakshi". Tulilipata kwa Kiarabu, na mtu wa Lamu akilisikia huona mlango: patasi, mti, na maua yanayojitokeza kwa sababu kitu fulani kimeondolewa. Sindano ya fundi wa dhahabu hufanya hivyo hivyo.

"Kioo" nalo lina mtego wake. Kwa Kiswahili neno hili ni dirisha na ni kitu cha kujitazamia. Lugha nyingine zina maneno mawili. Sisi tunalo moja, na muktadha hutuamulia. Nilipokuwa kijana nililiona jambo hili kuwa upungufu. Sasa silioni hivyo, hasa nikikumbuka kazi za Guangzhou, bandari ya China ambayo Wazungu waliiita Canton. Katika karne ya 18 vioo vya kujitazamia vilisafirishwa kutoka Ulaya hadi huko. Mafundi Wachina walikwangua sehemu ya ule mchanganyiko wa bati na zebaki ulio nyuma, na palipokwanguliwa wakapaka picha: mto, miti ya maua, mwanamke mrembo ameketi. Kisha kioo kikarudishwa Ulaya. Aliyekinunua alipokitazama alimwona mwanamke yule, na kandoni mwake akajiona mwenyewe akimtazama. Kiswahili kingekiita kitu hicho kioo, basi, bila kuhangaika.

Kuhusu "kinyume" sikubaliani kabisa na mkuu yule kwamba ni neno la kosa. Kinyume ni pia jina la mchezo wa lugha wa pwani yetu, ambao silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, nyumba ikawa "mbanyu", kitabu kikawa "bukita". Steere aliutaja katika kitabu chake cha lugha ya Unguja katika karne ya 19. Waliusema watu waliotaka kuelewana mbele ya wengine wasioelewa, na si lazima nieleze vijana walikuwa na siri za aina gani. Hata hivyo kwa kibao cha maonyesho nilimshauri atumie "mgongoni mwa kioo". Kila mtu anajua mgongo uko wapi.

Waolofu wa Senegal hawakusumbuka hivi. Wao wana sanaa yao kubwa ya kuchora nyuma ya kioo, iliyostawi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na huiita "suwer", kutokana na maneno ya Kifaransa yanayomaanisha "chini ya kioo". Walilichukua neno la mkoloni, wakalikata kichwa na miguu kwa ulimi wao, likawa lao. Kwenye suwer utawakuta masheikhe na manabii, na utawakuta wanawake wa mjini wamekaa kwa madaha kama waliokwenda studio kupigwa picha, dhahabu masikioni, bega moja limeachwa nje ya vazi. Wote hutundikwa sebuleni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili.

Ukiyatazama yale mapande ya bilauri ya Kiroma, wengi waliomo ni mume na mke. Wamekaribiana, nyuso zimeelekezwa kwetu, na katikati yao kuna kiumbe mdogo anayewavisha mataji. Wakati mwingine ni Kristo. Wakati mwingine ni kile kimungu cha mapenzi chenye mbawa. Kwenye kioo kimoja kilichoko British Museum, chenye majina ya Orfitus na Constantia, aliyesimama kati ya wanandoa ni Hercules. Hivi vilikuwa vyombo vya kunywea na kutakiana heri.

Katika makumbusho hayo hayo kuna kasha la fedha, sehemu zake zimepakwa dhahabu, ambalo lilifukuliwa Roma mwaka 1793 kwenye kilima cha Esquilino. Si kioo, lakini nalitaja kwa sababu nilisimama mbele yake siku moja nikiwa mhadhiri mgeni na sikuweza kuondoka. Lilikuwa la bibi mmoja wa karne ya 4 aitwaye Projecta. Kwenye kifuniko, Zuhura, yule mungu wa kike wa mapenzi ambaye Waroma walimwita Venus, amekaa uchi ndani ya kombe, anashughulikia nywele zake. Chini yake, mwanamke aliyevaa nguo zake zote ameketi vivyo hivyo, na vijakazi wanamletea kioo na manukato. Nani asingeona kwamba mwanamke huyu anaambiwa yeye ndiye Zuhura? Na kwenye ukingo wa kasha hilo hilo yamechongwa maombi kwamba Projecta na mumewe waishi katika Kristo. Aliyelitoa kasha na aliyelipokea hawakuona kwamba kimoja kinakitukana kingine.

Kioo cha mwanafunzi wangu kinatoka katika ukoo huo. Mwaka 1751, mwaka ule ule wa orodha ya Rembrandt, François Boucher alimchora Zuhura akijipamba kwa ajili ya jumba la Bellevue la Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme wa Ufaransa. Leo picha hiyo iko New York. Mafundi wa mapambo waliinakili miili ya namna hiyo kila mahali: kwenye vifuniko vya visanduku vya tumbaku, kwenye vipepeo, kwenye migongo ya vioo vya mkononi. Hata wakati huo walikuwepo waliokasirika. Diderot alimshambulia Boucher bila huruma kwa kuchora makalio na mashavu mekundu mpaka watazamaji wakachoka. Kwa hiyo tusiseme kwamba haya ni jambo la Waafrika na kwamba wenzetu hawana. Nami nitasema wazi kwamba nyingi ya picha hizo ni za mwanamume anayetazama, na mwanamke ndani yake hana la kusema zaidi ya kutazamwa. Hilo ni shtaka halali. Lakini ni shtaka jingine. "Chafu" halisemi hilo. "Chafu" husema tu kwamba msemaji amegeuza uso.

Hebu tuhesabu maneno tuliyo nayo. "Ngono" lilikuwa neno la kawaida, sasa limehamia kliniki na kwenye mabango ya kuzuia maradhi. "Zinaa" ni neno la sheria ya dini. "Uasherati" tunalisikia sana kanisani. "Ponografia" limeletwa na polisi na magazeti. "Uchi" ni hali ya kutovaa nguo, na "utupu" ni hali hiyo hiyo ikiwa imevishwa tafsida kidogo, ingawa mara nyingi hutumiwa kumaanisha viungo vyenyewe. Yote haya ni maneno ya mtu anayeonya, anayetibu au anayekamata. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayajua barabara.

Maneno mengine tunayo pia, ila tumeyaweka kabatini. "Mahaba" na "huba" ni mapenzi yenye joto. "Nyonda" ni mpenzi wa washairi. "Ashiki" ni ile hamu inayomshika mtu, akakosa usingizi kwa kumtaka mwenziwe. Ni neno la kale katika ushairi wetu, na halina tusi hata chembe. "Uchu" lina ukali zaidi, linakaribia njaa. "Madaha", "maringo" na "mikogo" ni namna ya mwili kujionyesha ukijua unatazamwa. Na "hisi" ni milango ile mitano ya kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hapo tayari tuna tofauti ambayo wanafunzi wangu hudhani Kiswahili hakiwezi kuieleza. Kitu kinachofurahisha hisi, kama hariri mkononi au harufu ya udi nguoni, ni cha hisi. Kinachoamsha hamu ya mpenzi ni cha ashiki, au tukitaka kivumishi, cha kiashiki. Vyaweza kukaa pamoja kwenye picha moja lakini si kitu kimoja.

Wapo watakaoniambia kwamba Mswahili hasemi mambo haya. Ni kweli hayasemi barazani. Lakini pwani kumekuwepo na shule nzima ya elimu hii, mwalimu wake akiitwa somo kwa watu wa Mombasa na kungwi kwa wa Unguja, na mwanafunzi wake ni bi harusi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipomwandikia binti yake utenzi mwaka 1858, miongoni mwa nasaha za dini na adabu aliweka pia za kujipamba na kumpendeza mume. Anajulikana kama mcha Mungu kuliko wengi wetu. Wenzetu Wakristo nao wana Wimbo Ulio Bora ndani ya Biblia ya Kiswahili, ambamo mwili wa mpenzi unasifiwa kutoka nywele hadi miguu, na watafsiri wake hawakuliita sura hata moja chafu.

Tena mambo haya yalikuwa na vyombo vyake. Bint Salme, mwana wa Seyyid Said ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 na kueleza vyumba vya Unguja vilivyopangwa kaure na vyombo vya kioo katika zidaka za ukutani, na vioo vikubwa vilivyoagizwa kutoka Ulaya. Picha za watu ziliepukwa kwa sababu za dini. Vioo viliruhusiwa. Yaani ukutani hakukuwa na mwanamke aliyechorwa, bali mwanamke mwenyewe, akipita.

Na kitanda je? Wenye umri wangu waliokulia pwani wanaikumbuka samadari, kile kitanda kirefu cha nguzo nne ambacho ili ukipande ulihitaji kibago. Baadhi ya samadari huwa na vipande vya kioo vilivyopachikwa mchagoni, na vioo hivyo vimechorwa maua na ndege. Rangi iko nyuma. Mbele ni laini, hapachubuki, hupanguswa kwa kitambaa. Ni ufundi ule ule wa mgongoni mwa kioo, kwenye kitanda cha maharusi, juu yake yakamwagwa maua ya asumini. Hakuna mwili uliochorwa hapo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ua lile linazungumzia nini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi nilipopigwa kofi na shangazi kwa kuligusa ua la kioo la kitanda cha binamu yangu siku ya pili ya harusi. Sikuambiwa nimekosa nini. Nikaelewa tu kwamba lile halikuwa ua la kawaida.

Njia ambazo ufundi huu ulipita ni njia za majahazi yetu. Kule Bhuj, mji mkuu wa Kachi, nchi walikotoka wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Unguja na Mombasa, kuna jumba lililojengwa katikati ya karne ya 18 kwa Maharao Lakhpatji. Linaitwa Aina Mahal, na humo zimo picha za Kichina zilizochorwa nyuma ya vioo. "Aina" hapo si aina yetu ya kitu. Ni neno la Kiajemi lenye maana ya kioo. Fundi wake mkuu aliitwa Ramsingh Malam. Inasimuliwa kwamba alikuwa baharia, chombo chake kikavunjika akiwa safarini kuja Afrika, akaokolewa na Waholanzi na kupelekwa kwao, akajifunza huko kazi za kioo na vigae kwa miaka mingi. Hilo jina la Malam ni cheo cha mwongoza chombo baharini, na asili yake ni muallim wa Kiarabu, huyo huyo aliyetupa mwalimu. Ndiyo sababu nikiitwa hivyo na wanafunzi huwa najiuliza kama najua ninakowapeleka.

Waislamu wa Bara Hindi wana desturi moja ya harusi inayofaa kutajwa hapa. Bwana na bibi huketishwa pamoja chini ya ushungi mmoja, wakawekewa kioo na Kurani, na uso wa kwanza wa mke ambao mume huuona ni ule ulio kiooni. Desturi hiyo huitwa "arsi mushaf". Arsi ni kioo. Mushaf ni msahafu wetu. Neno takatifu na tamanio vimelazwa pajani, kimoja kando ya kingine, wazee wakitazama.

Kinachonisumbua ni kwamba watoto wetu sasa wanajifunza mwili kwenye simu, kwa maneno ya lugha nyingine, kutoka kwa watu ambao hata jina la asumini hawalijui. Wakija darasani na shairi lenye kifua na kiuno, sisi walimu tunafanya mojawapo ya mambo mawili: tunaruka ubeti, au tunauita "lugha ya matusi". Nimefanya yote mawili, na mara moja nilimkata mwanafunzi alama kwa kutumia neno "ashiki" katika insha, kwa sababu tu sikutaka kuulizwa maswali na ofisi. Alikuwa amelitumia sawasawa. Sasa kijana huyo ni mtu mzima na, ndiyo, ndiye aliyeniandikia kuhusu kioo cha Zuhura. Hakunikumbusha. Sijui kama amesahau au ananiheshimu.

Nilimpelekea kibao hiki: "Zuhura akioga. Ufaransa, karne ya 18. Dhahabu na rangi mgongoni mwa kioo, nakshi ya sindano. Picha ya kiashiki, ya kuwekwa chumbani." Nikamwongezea kwamba akibanwa sana anaweza kulegeza "kiashiki" iwe "ya mahaba", kwa kuwa mgeni wa makumbusho analifahamu "mahaba" tangu taarab, lakini "chafu" asilikubali hata kwa dawa.

Alinijibu juzi. "Mgongoni mwa kioo" limepita bila neno. "Nakshi ya sindano" mkuu wake amelipenda mno, hata ameliazima kwa maelezo ya kifaa kingine kisichohusika kabisa. "Chafu" limefutwa. Ila pale penye "kiashiki" wameacha nafasi tupu na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, na vibao vinakwenda kwa mchapaji siku ya Jumatano. Nimemwomba anipe nambari ya simu ya ofisi.